TV ya Chumbani Bila Waya: Mvua, Bomba na Ukuta wa Matofali

Mama alikuja kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, mwezi wa sita, wakati ambao baridi ya Mbeya humfanya mtu aahirishe kuoga, tukampa chumba cha nyuma. Chumbani humo kuna TV ya inchi 32 iliyokuwa sebuleni kabla hatujanunua kubwa. Siku ya tatu akaniita, akaniuliza kwa upole ule unaomfanya mtoto ajione mkosaji hata akiwa na mvi: "Mwanangu, hii TV mmeiweka ya kupambia ukuta?"

Kweli ilikuwa pambo. King'amuzi kiko sebuleni, na sebuleni kuna wajukuu na katuni zao, halafu kuna mimi na mpira wangu. Nikamwita fundi kutoka Mwanjelwa. Akatazama dari, akatazama ukuta, akanipa njia tatu: ninunue king'amuzi cha pili nikilipie kila mwezi; ninunue kifaa cha kurusha picha kutoka sebuleni; au apitishe waya juu ya dari, mita 18 hivi. Njia zote tatu zilikuwa na bei, na zote tatu zilimhitaji yeye. Nikampa soda, nikamwambia nitampigia.

Usiku ule, nikiichezea rimoti ya ile TV ndogo, ikanifungukia orodha ya waifai za mtaa mzima wa Ilomba, ya kwetu ikiwa juu kabisa. Miaka mitano TV ile ilikuwa na waifai tumboni na hakuna aliyeiuliza. Kesho yake mama alitazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku akiwa amejifunika blanketi, nami sikuwa nimenunua hata msumari.

Sisemi fundi alinidanganya. Alijibu nilichomuuliza. Nilimuuliza namna ya kuifikisha chumbani picha ya king'amuzi, na jibu la swali hilo ni waya, kifaa, au king'amuzi kingine. Nilichopaswa kuuliza ni kama TV yenyewe inaweza kujichotea.

Mvua na bomba

Watu wa Rungwe hawafundishwi mvua, kwa hiyo naanzia hapo. Matangazo ya dishi na ya antena ni mvua. Satelaiti iko juu kiasi cha kilomita 36,000, inanyesha chaneli zote kwa wakati mmoja juu ya kila bati, awepo wa kukinga au asiwepo. Nyumba mia zikitega ndoo, mvua haipungui. King'amuzi ni ndoo yenye kufuli: kinakinga, kinafungua kwa kadi au kwa namba iliyolipiwa, kisha kinaisukuma picha kwenye TV kwa waya. Tulianza kukizoea mwaka 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa Mbeya, miezi michache baada ya Dar es Salaam iliyotangulia tarehe 31 Desemba 2012. Tangu hapo kichwani mwetu TV na king'amuzi ni mtu na mke wake. TV ya pili, king'amuzi cha pili.

Walioishi enzi za TV za chogo watakumbuka ujanja mwingine: waya wa antena unaotoka nyuma ya king'amuzi hadi chumbani. Ulifanya kazi, ila chumbani mlitazama kile kile walichochagua wa sebuleni, na ukitaka kubadili chaneli unavaa ndala unakwenda kuomba.

Intaneti ni bomba. Hakuna tone linalokufikia mpaka ufungue koki. TV inapocheza video ya mtandaoni, inaomba kipande kimoja cha video, kwa kawaida cha sekunde mbili hadi kumi, inakiweka akiba, inaomba kinachofuata. Kila kipande kimehifadhiwa huko kwenye kompyuta za kampuni katika ubora kadhaa, kuanzia ule hafifu wa kutazamia kwenye simu mpaka ule mkali wa TV kubwa. TV inapima kipande kilichopita kimefika kwa kasi gani, ndipo inaamua kinachofuata ikiombe kizito au chepesi. Ndiyo sababu picha ya intaneti huanza kufifia kabla ya kuganda, wakati picha ya dishi hukatika vipande vya miraba na kupotea ghafla wingu zito likipita.

Mambo mawili yanatoka kwenye tofauti hiyo. La kwanza ni zuri: anayefungua koki hahitaji kuwa king'amuzi. Inaweza kuwa simu, kompyuta, au TV yenyewe ikiwa ina akili ya kufanya hivyo. La pili ni gumu kidogo: koki mbili zikifunguliwa, zinachota mara mbili. Sebuleni na chumbani mkitazama taarifa ya habari ile ile kwa dakika ile ile, intaneti haijui kwamba ninyi ni familia moja. Vipande vile vile vinasafirishwa mara mbili kupitia bomba lenu moja, na presha mnagawana.

Kuna kampuni zinazouza intaneti pamoja na chaneli zake ndani ya mtandao wake zenyewe, na hizo hufanya kitu kinachokaribia mvua: chaneli moja inatumwa mara moja mtaani, na kila anayeitaka anajiunga na mkondo huo huo. Ni ujanja mzuri kwenye waya. Kwenye waifai unasumbua, kwa sababu ruta, kile kiboksi kinachorusha waifai nyumbani, ikirusha kwa wote kwa pamoja hulazimika kurusha kwa kasi ndogo ambayo hata kifaa dhaifu kilicho mbali kitaisikia. Hapo ndipo lilipotoka sharti la kampuni hizo kwamba kila TV iwe na kifaa chao na waya wao. Kampuni nyingi za aina hiyo sasa zina programu ya kuweka kwenye TV janja (smart TV), inayochota kwa njia ya bomba la kawaida. Kabla ya kununua boksi la pili, ulizia maswali mawili tu: programu yenu inaingia kwenye TV yangu? Na akaunti yangu inaruhusu vioo vingapi, yaani TV au simu ngapi, kwa wakati mmoja? Hilo la pili watu hulisahau, kisha wanalaumu mtandao. Kwa Netflix, kwa mfano, mpango wa kati unaruhusu vioo viwili na wa juu vinne. Wa tatu akifungua kwenye mpango wa vioo viwili, anakataliwa hata kama intaneti inafurika.

Kwanza ijue TV yako

Nimeona TV dukani zimebandikwa neno "smart" kwenye boksi na ndani hamna kitu. Tundu la USB si ushahidi. Tundu la USB linasoma flashi, basi. Washa TV, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya mtandao. Ikikuorodheshea waifai za majirani, umepona. Ikikuonyesha mtandao wa waya peke yake, TV hiyo ina tundu la kebo lakini haina waifai. Na zipo za zamani zilizoandikwa kwamba ziko "tayari" kwa waifai, maana yake ni kwamba kijiti chenyewe unatakiwa ukanunue.

TV ya chogo, au flati isiyo na waifai, haiwezi. Nalisema waziwazi kwa sababu kuna video mtandaoni zinazoonyesha vijana wakifunga waya wa shaba kwenye kijiko na kupata chaneli za dunia nzima. Bila kuongeza kifaa, TV hiyo itaendelea kutegemea waya.

TV janja nazo hazilingani. Ndani yake kuna mfumo kama ule wa simu: Android TV iliyoanza 2014 na dada yake Google TV ya 2020, webOS ya LG, Tizen ya Samsung, VIDAA kwenye Hisense, na mifumo midogo midogo isiyo na jina kwenye TV za bei nafuu. Programu iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja haiingii kwenye mwingine. TV ikizeeka, kuna siku programu fulani itakuambia haiihudumii tena, ingawa kioo kinang'aa kama siku ulipoinunua.

Njia nne zinazoitwa kwa jina moja

Mtu akisema "nimerusha kwenye TV", anaweza kuwa anamaanisha mambo manne yasiyofanana, na usipoyatenga utahangaika.

Njia ya kwanza ndiyo niliyomfanyia mama: programu iko ndani ya TV, TV inachota yenyewe. Unaunganisha waifai, unaingiza nywila, unapakua programu ya kituo au ya filamu, unaingia kwa akaunti. Nyingi siku hizi hukuonyesha namba fupi au mchoro wa miraba wa kupiga picha kwa simu, ili usiteseke kuandika barua pepe kwa rimoti herufi moja moja. Baada ya hapo simu haihusiki tena. Kwa mzee anayetaka kubonyeza na kuona, hakuna inayoishinda hii.

Ya pili inaonekana kama simu ndiyo inayorusha, lakini sivyo. Ukibonyeza kile kialama cha kioo chenye mistari ya mawimbi pembeni ndani ya YouTube, simu haitumi video. Inaiambia TV video iko wapi, na TV inakwenda kuichota. Simu inabaki kuwa rimoti. Jaribu: rusha video, kisha zima simu kabisa, video itaendelea. Mfumo huo Google waliuleta 2013, na leo umejengwa ndani ya TV nyingi za Android. Sharti lake ni kwamba simu na TV ziwe kwenye waifai moja. Mara nyingi "TV haionekani" kwa sababu simu imejiunga na waifai ya wageni, ambayo ruta huitenga makusudi isione vifaa vya nyumbani, au kwa sababu simu imerukia bando lake bila wewe kujua.

Ya tatu ndiyo kurusha hasa: kioo cha simu kinaakisiwa kwenye TV. Simu inapiga picha ya kioo chake mara nyingi kila sekunde, inaibana, inaituma hewani moja kwa moja hadi kwenye TV. Kiwango chake kinaitwa Miracast, kilitoka 2012, na hakihitaji ruta wala intaneti kati ya simu na TV. iPhone haikijui, yenyewe ina AirPlay, ambayo TV za kampuni kadhaa zimeanza kuipokea tangu 2019. Baadhi ya simu za Android nazo zimekiondoa, kwa hiyo usishangae simu ya jirani ikiweza na yako isiweze.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hata TV isiyo na programu unayoitaka inaweza kuionyesha. Ubaya wake ni mwingi. Simu lazima iwe macho muda wote, inapata moto, betri inashuka. Kila kinachotokea kwenye simu kinatokea ukutani: shemeji yangu alikuwa anawaonyesha wageni picha za ubatizo pale ujumbe wa kikoba ulipojitokeza kwa herufi kubwa ukimkumbusha marejesho ya miezi miwili. Halafu kuna kioo cheusi. Programu nyingi za filamu na mpira wa kulipia zinakataa kuakisiwa. Unasikia sauti, picha hakuna. TV haijaharibika. Ni ulinzi wa haki za waliotengeneza kazi hiyo, na dawa ni kurudi kwenye njia ya kwanza au ya pili.

Ya nne naipitia haraka: video ambazo tayari ziko nyumbani. Video ya send-off iko kwenye kompyuta, au kwenye flashi iliyochomekwa nyuma ya ruta yenye tundu la USB. TV inaiona kupitia waifai na kuicheza. Bando haliguswi hata kidogo. Tafuta neno DLNA kwenye mipangilio.

Na picha ya king'amuzi cha sebuleni? Hiyo haipo kwenye orodha. Inaingia kwenye TV ya sebuleni kwa waya wa HDMI na safari yake inaishia hapo. Kampuni yako ya king'amuzi ikiwa na programu, basi mama anatazama chaneli zile zile kupitia intaneti, kwa akaunti ile ile uliyolipia. Programu haina mpango na dishi.

Waifai si intaneti

Dada yangu anaishi Kihesa, Iringa. Alinipigia akiwa amekasirika: "Mdogo wangu, mbona hii TV inaonyesha mistari yote ya waifai imejaa na bado inazunguka tu duara?"

Mistari ile inakadiria tu nguvu ya wimbi kati ya TV na ruta, haipimi kasi. Haijui lolote kuhusu kinachoendelea nyuma ya ruta. Video inayotazamwa Kihesa inaweza kuwa imekuja kwa nyaya za chini ya bahari kama SEACOM iliyofika Dar es Salaam 2009 na EASSy ya 2010, ikapanda kwa Mkongo wa Taifa, nyaya kuu za intaneti za nchi kavu, hadi Iringa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu baharini upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania ikayumba nchi nzima. Siku ile mistari ya waifai ilijaa kila sebule kama kawaida. Wenye dishi waliendelea kutazama.

Kwa dada yangu hakukuwa na jambo kubwa hivyo. Nilimwomba apime kasi kwa simu akiwa amesimama mbele ya TV, kisha akapime tena akiwa karibu na ruta. Karibu na ruta alipata megabiti 18 kwa sekunde. Mbele ya TV, moja na nusu.

Ruta yake iko dukani, chumba cha mbele kinachotazama barabara. TV iko nyuma. Kati yake kuna ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa na baba mkwe aliyejenga kama anayetarajia vita, na mlango wa chuma wa kuzuia wezi. Nyumba zetu za nyanda za juu ni nzuri kwa baridi na mbaya kwa waifai. Tofali la kuchoma hula sehemu ya wimbi, zege lenye nondo hula zaidi, na bati la chuma halili bali hurudisha. Tanki la maji, friji na kioo kikubwa cha kabati navyo ni kuta, ingawa hatuviiti hivyo.

Ruta nyingi hurusha kwa masafa mawili. La gigahetsi 2.4 linapenya ukuta vizuri zaidi lakini ni polepole na lina msongamano, maana majirani wote wapo humo, na oveni ya maikrowevu nayo hupiga kelele papo hapo. La gigahetsi 5 lina kasi na nafasi, ila ukuta mmoja mnene unalichosha na wa pili unaliangusha. Kanuni ninayoifuata: TV iliyo chumba kimoja na ruta ipewe 5, iliyo nyuma ya kuta mbili ipewe 2.4 na iridhike. Kwenye 2.4 kuna njia tatu tu zisizogongana, namba 1, 6 na 11. Majirani wakiwa wamejazana kwenye 6, hamia 1 au 11 kupitia mipangilio ya ruta. Ni bure na inashangaza inavyosaidia.

Dada hakununua kifaa. Aliitoa ruta chini ya kaunta, nyuma ya makopo ya rangi, akaitundika juu kwenye kona ya korido inayotazama nyumba, kwa waya ule ule uliokuwa umekunjwa kwa rundo. Mbele ya TV akapata megabiti 7. Zinatosha.

Zinatosha kwa nini? YouTube hupendekeza kiasi cha megabiti 5 kwa sekunde kwa picha kali ya 1080 (namba hiyo ni idadi ya mistari inayojenga picha), megabiti 2.5 kwa 720, na 1.1 kwa 480 ambayo kwenye TV ya inchi 32 jicho la mzee halilalamiki. Picha ya 4K inataka 20, na kwa inchi 32 ni ubadhirifu.

Mvua, kwa njia, haina neno na waifai ya ndani. Nasema kwa sababu mama aliamini ukungu wa Tukuyu ungemfuata mpaka kwenye programu. Mvua nzito huchosha mawimbi ya dishi dogo kwa sababu wimbi linapita ndani ya wingu na matone. Wimbi linalotoka koridoni kwenda chumbani halikutani na tone.

TV ni mlafi

Hapa ndipo fedha zinapopotelea, na hapa ndipo ningependa fundi yule angeniambia jambo.

Wengi wetu hatuna intaneti ya waya. Tunawasha hotspoti ya simu, TV inajiunga, maisha yanaendelea. Kwa njia hiyo TV inafanya kazi vizuri kabisa. Ila simu yako inajua kwamba inatumia bando na hujibana, TV haijui. Inaona waifai, na kwake waifai ni bwawa lisilo na mwisho. Itaomba vipande vizito kadiri hewa inavyoruhusu.

Tupige hesabu. Kasi ya mtandao huhesabiwa kwa megabiti, bando huuzwa kwa megabaiti na gigabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 5 kwa sekunde mara sekunde 3,600 ni megabiti 18,000; gawa kwa nane, unapata megabaiti 2,250. Gigabaiti mbili na robo kwa saa. Mechi moja na mapumziko yake na porojo za kabla ni saa mbili, gigabaiti nne na nusu. TV ya pili ikiwa wazi kwa ubora huo huo, bando la gigabaiti 10 linaisha kabla hujamaliza saa mbili na nusu. Shusha ubora hadi 480, na saa moja inakula chini kidogo ya nusu gigabaiti. Mechi nzima kwa gigabaiti moja hivi.

Kwa hiyo kama mnatumia hotspoti, ingia kwenye kila programu ya TV uchague ubora kwa mkono, usiiachie yenyewe. Zima kuendelea kwa video inayofuata, maana wazee husinzia na TV haisinzii. Zima usasishaji wa programu wa kujiendesha. Na kwa hotspoti, kuna wakati kuakisi kioo ni nafuu: simu inachota mara moja, kwa ubora wa simu, na safari ya kutoka simu hadi TV haigusi bando.

Mwenye intaneti ya waya ya kulipia kwa mwezi hana shida ya hesabu hiyo, ana ya presha tu. Megabiti 10 zinabeba TV mbili za 1080 kwa shida, na mtoto mmoja anayepakua mchezo chumba cha tatu anaziangusha zote mbili.

Jambo moja dogo linalotesa watu: umeme. Unakatika, unarudi, TV inaamka kabla ruta haijamaliza kunyoosha miguu, nayo inatangaza kwamba hakuna mtandao. Subiri dakika mbili kabla ya kubadili chochote. Ikiendelea kukataa wakati simu zinafungua, tazama tarehe ya TV. TV nyingi hazina betri ya saa; zikizimika kabisa huamka zikidhani ni mwaka wa kutengenezwa kwake, au hata 1970. Programu hukagua vyeti vya usalama vya mtandaoni, na vyeti hivyo vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. TV inayoishi mwaka ambao cheti hakijazaliwa inakataa kufungua. Rekebisha tarehe na kila kitu kinarudi. Kwa kosa hili nimeona TV nzima ikipelekwa kwa fundi kwenye bajaji.

Utakutana pia na kijana anayeuza "chaneli zote" kwa bei ya chipsi mayai, unapewa anwani ndefu ya kuingiza kwenye TV. Hizo ni chaneli zilizochotwa bila ruhusa. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inazikataza. Zaidi ya hapo zinazimika wakati wa mchezo unaoutaka, na aliyekuuzia hapokei simu.

Mama alirudi Tukuyu baada ya mwezi, "ndaga fijo" nyingi, asante sana za kwetu, zikiwa zimesemwa. Kabla hajaondoka aligundua kitu ambacho sikukitegemea. Kila TV huweka akiba yake ya vipande kabla ya kuvionyesha, kwa hiyo mechi ya moja kwa moja kwa intaneti huchelewa, mara nyingi nusu dakika au zaidi, nyuma ya dishi. Ng'ambo ya barabara yetu kuna kibanda umiza, nacho kina dishi. Jumapili timu yetu ya Prisons wakicheza uwanja wa Sokoine, mimi sebuleni na king'amuzi changu, bao liliingia. Kibanda kikalipuka, nami nikaruka nacho. Chumbani kimya. Nikahesabu mpaka thelathini na kitu ndipo nikasikia makofi ya mama kupitia ukuta wa matofali, na sauti yake ikiniita:

"Baba, njoo! Njoo uone, wanafunga sasa hivi!"

Nikaenda mbio, nikamkuta anashangilia, nikashangilia naye upya.